Ufa wa ekseli hauponi kwa kuchomelewa juu juu

MSIMU wa mavuno ndio wakati ambao ekseli za matela na shafti za mashine za kusaga huwa katika hatari kubwa ya kukatika. Zinapokatika, mwenye mali husema ni bahati mbaya, au humkata mshahara dereva kwa madai kwamba ameharibu.

Ukweli ni kwamba chuma kinachoonekana kukatika ghafla mara nyingi kilianza kukatika siku nyingi nyuma. Wahandisi huita hali hiyo uchovu wa chuma.

Tatizo hili si geni. Mei 8, 1842, ekseli ya kichwa cha treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris, Ufaransa, ilikatika na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Baadaye mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alizipima ekseli kwa miaka mingi na kuonyesha kuwa mzigo ambao chuma hukibeba bila shida mara moja, unaweza kukikata ukirudiwa mara nyingi.

Ufa huanza pale nguvu inapojikusanya: kwenye kona kali ambapo shafti inapungua unene, kwenye tundu la bolti, pembeni mwa mshono wa kuchomelea, kwenye mkwaruzo au kishimo cha kutu. Mwanzoni hauonekani kwa macho, lakini kila mkunjo huusogeza mbele.

Shafti ya mashine inayozunguka mara 2,000 kwa dakika, huku mkanda ukiivuta upande mmoja, hukunjwa mara 120,000 kwa saa moja. Ekseli ya tela nayo hukunjwa katika kila shimo la barabarani. Chuma kizima kinazidi kupungua, hadi siku moja kilichobaki hakitoshi hata kwa mzigo wa kawaida.

Ushahidi hubaki pale kilipokatika. Sehemu ya zamani ya ufa huwa laini, mara nyingi yenye mistari kama ya ganda la kombe, na sehemu ya mwisho huwa na chengachenga. Ikiwa sehemu laini imeshika kutu au grisi, ufa ulikuwapo kabla ya safari hiyo. Kumkata mshahara dereva wa siku hiyo ni uonevu, na chanzo hubaki palepale.

Chanzo kimojawapo kikubwa ni uzito. Katika vyuma vilivyochomelewa, nguvu inayokunja ikiongezeka mara mbili, idadi ya mikunjo ambayo chuma kitavumilia hushuka hadi takriban moja ya nane. Magunia 40 ya lumbesa si magunia 40. Lumbesa inayompunja mkulima kwenye bei ndiyo hiyo hiyo inayomla mwenye tela ekseli.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, ufa wa chuma hauzibwi kwa kupitisha mshono juu yake. Ndani unabaki na unaendelea kukua. Fundi anapaswa kuusaga kwa grenda hadi uishe wote, ndipo achomelee na kulainisha mshono. Shafti iliyopata ufa ni vema ibadilishwe, kwa kuwa mshono wenyewe huwa chanzo cha ufa mwingine.

Ukaguzi hauhitaji mashine ya gharama. Sehemu husafishwa grisi na kutu, hupakwa mafuta ya taa na kuachwa kwa muda yapenye, kisha hufutwa kabisa na kunyunyiziwa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa huchuruzika na kuchora mstari kwenye chaki. Njia hii haitaonyesha kila ufa, lakini ule uliofika juu una nafasi kubwa ya kuonekana.

Kazi hiyo huchukua nusu siku kabla ya msimu. Ekseli ikikatika mteremkoni, gharama si chuma peke yake: ni nafaka iliyomwagika, soko lililopita na, vibaya zaidi, maisha ya vibarua wanaopanda juu ya magunia. Mwenye tela asiyekagua hajaokoa fedha, amewabebesha wengine hatari yake.