Makongamano ya intaneti: mwenye banda anauziwa nini?

Msomaji aliyezoea kufungua ukurasa huu kutafuta bei ya kahawa, korosho na dola anisamehe wiki hii. Bidhaa ninayotaka kuizungumzia haimo katika jedwali letu, ingawa inauzwa kwa fedha taslimu na wanunuzi wake hawapungui. Ni nafasi ya kusimama nyuma ya meza katika kongamano la teknolojia. Wanaoinunua ni vijana wenye kampuni changa za intaneti, wanaoiuza ni waandaaji, na kama ilivyo kwa bidhaa yoyote ile, ni haki kuuliza mnunuzi anapata nini kwa fedha yake.

Imani kwamba kongamano hutajirisha haikutoka hewani. Mwaka 2007 kampuni ya Twitter, ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilikwenda katika tamasha la South by Southwest huko Austin, Texas. Haikutegemea banda. Ililipa dola za Marekani 11,000 ikawekewa skrini kubwa katika korido za ukumbi, watu wakaona maneno yao wenyewe yakipita mbele ya macho yao, na idadi ya ujumbe kwa siku ikapanda kutoka 20,000 hadi 60,000. Mwaka huohuo kampuni ya Mint ilishinda mashindano ya TechCrunch40 huko San Francisco ikapewa dola 50,000. Miaka miwili baadaye ikanunuliwa na Intuit kwa dola milioni 170. Habari kama hizi husafiri haraka. Za waliorudi nyumbani na vipeperushi vyao zikiwa bado kwenye maboksi hazisafiri.

Aliyeielewa biashara hii mapema ni Paddy Cosgrave na wenzake waliouanzisha mkutano wa Web Summit mjini Dublin, Ireland, mwaka 2009. Mwanzoni ulikusanya watu mia chache. Mwaka 2014 walikuwa wapatao 22,000, na mwaka 2015 wapatao 42,000. Hapo ndipo mji wenyewe ukaelemewa: bei za hoteli zilipaa, usafiri ukasongamana, na katika mkutano wa intaneti, intaneti yenyewe ikawa inakatika. Mwaka 2016 mkutano ukahamia Lisbon, Ureno. Mwaka 2018 ukatiwa saini mkataba wa miaka 10, ambapo upande wa Ureno ulikubali kutoa euro milioni 11 kila mwaka ili mkutano usiondoke tena. Tazama hesabu hiyo kwa jicho la biashara. Mwandaaji anauza kiingilio kwa wageni, banda kwa kampuni changa, jina kwa wadhamini, na wageni wenyewe anawauza kwa mji wenye hoteli. Bidhaa moja, wanunuzi wanne.

Sisemi kwamba ni kosa. Mwenye kutengeneza soko anastahili ujira wake, na mwenye vyanzo vinne vya mapato hufa kwa shida. Oktoba 2023, baada ya Cosgrave kutoa maoni kuhusu vita vya Gaza, kampuni za Google, Meta, Amazon, Intel na Siemens zilijitoa wiki chache kabla ya mkutano na yeye mwenyewe akajiuzulu. Hata hivyo, Novemba mkutano ulifanyika na watu wapatao 70,000 wakahudhuria. Aprili mwaka uliofuata alirejea kwenye kiti chake. Nitarudi kwenye jambo hili la wadhamini, maana ndilo linalotuhusu.

Upande wa pili kuna Slush ya Helsinki, Finland. Ilianza mwaka 2008, na mwaka 2011 wanafunzi wakaichukua mikononi mwao. Si shirika la kutafuta faida, na kazi kubwa ya ukumbini hufanywa na vijana wa kujitolea. Mwaka 2019 ilifikisha watu 25,000, kisha ikachagua kuwa ndogo. Mwaka 2022 ilipokea watu 12,000, wakiwamo wawekezaji 2,600. Mwaka huohuo Web Summit ilipokea zaidi ya watu 71,000, na wawekezaji walizidi 1,000 kwa kiasi kidogo tu. Kwa maneno mengine, Helsinki karibu kila mtu wa tano unayepishana naye mlangoni ana fedha za kuwekeza. Lisbon ni mmoja katika 70 hivi. Na huko Lisbon kampuni changa hulipia kifurushi ambacho bei yake imekuwa ikizungukia euro 1,000, halafu hupewa banda kwa siku moja tu kati ya siku za mkutano. Nauli, malazi na viza (ombi la viza ya Schengen ni euro 90, na ukinyimwa hurudishiwi) ni juu yako.

Hapa wengi huteleza kwa sababu ya Sabasaba. Katika viwanja vya Sabasaba umati ni faida. Mwenye banda la vitenge au majiko anauza papo hapo, na watu wakiongezeka mauzo yanaongezeka. Kijana mwenye programu ya kutunza hesabu za maduka ya dawa hana cha kuwauzia wanafunzi 2,000 walioletwa kwa mabasi. Anahitaji watu saba: wawili wenye mtaji, watano wenye maduka. Umati kwake ni kelele inayomzuia kuwaona hao saba. Lakini mwandaaji anaposimama mbele ya mdhamini hutaja idadi ya waliohudhuria, kwa sababu mdhamini hununua macho ya watu. Masilahi ya hawa wawili yanaachana mapema sana, tangu siku ya kuandika bajeti.

Nayajua haya kwa sababu nimewahi kukaa upande wa waandaaji. Mwaka juzi niliombwa kuingia kamati ya fedha ya kongamano moja la aina hii jijini Dar es Salaam, kwa kuwa nilisomea biashara na ilidhaniwa naweza kutunza daftari. Bajeti ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Mdhamini mkuu aliahidi shilingi milioni 60. Ukumbi ulitaka milioni 28, nusu yake ilipwe mapema na iliyobaki wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Mafundi wa sauti, mpishi na mwenye mahema nao hawafanyi kazi kwa ahadi. Lakini mdhamini alikuwa na utaratibu wake: ankara hupokelewa baada ya shughuli, na malipo hutoka ndani ya siku 90. Darasani tulifundishwa kuita hali hii upungufu wa mtaji wa kuendeshea, na mwalimu alituonya kwamba biashara yenye faida inaweza kufa nao. Sikujua kwamba ipo njia nyingine, ya kumhamishia mtu mwingine mzigo huo.

Wiki tatu kabla ya kufungua tulikuwa na milioni 15 benki. Mjumbe mmoja akapendekeza tuongeze mabanda 20 katika kile tulichokiita kona ya vijana, kwa shilingi 800,000 kila moja, fedha taslimu. Milioni 16 zikaingia kwa siku sita. Nilipiga kura ya ndiyo. Hakuna aliyeuliza kama idadi ya wawekezaji nayo itaongezeka. Walikuwa wamethibitisha 9, wakaja 4, na wawili kati yao waliondoka baada ya chakula cha mchana kwa kuwa asubuhi yote ilikwisha kwa hotuba. Mabanda yalikuwa 50.

Yule kijana wa programu ya maduka ya dawa si mfano wa kubuni. Alikuwa banda la 43, karibu na mlango wa jikoni. Alilipa kwa kodi ya ofisi ya miezi miwili. Saa tisa alasiri alinijia, akaona beji yangu ya kamati, akaniuliza kwa adabu: "Samahani kaka, mwekezaji hapa ni yupi?" Nilimwonesha bwana mmoja mwenye suti, ambaye baadaye niligundua ni afisa uhusiano wa benki aliyekuja kupiga picha. Mdhamini alilipa siku ya 104. Kongamano lilifunga vitabu vyake na ziada ndogo, kamati ikapongezwa.

Watetezi wa makongamano watasema kijana huyo angalau alijifunza na kufahamiana na watu. Inawezekana. Lakini mkopo wa siku 90 una bei, na benki ingetutoza riba. Sisi tuliuchukua bure kwa watu 20 ambao ndio walikuwa na uwezo mdogo kuliko wote ukumbini, tena bila kuwaambia kwamba wanatukopesha.

Naona dawa yake inaanzia kwenye mkataba wa udhamini: nusu ya fedha iingie kabla ukumbi haujalipiwa, la sivyo jina la mdhamini lisichapishwe. Wapo watakaokataa, na kongamano litakuwa dogo. Liwe dogo. Pili, mabanda yafuate wawekezaji, si wawekezaji kufuata mabanda. Ukiwa na 9 waliotia saini, uza mabanda 18 na ufunge kitabu. Uwiano wa wawekezaji na waliokuja kutafuta mtaji ndio takwimu ninayotaka kuisoma kwenye tangazo la gazeti, badala ya ile ya maelfu ya wageni. Na mwenye banda apewe orodha ya miadi yake kabla hajalipa. Waandaaji wa Helsinki na Lisbon wote wana programu ya kupanga miadi ya ana kwa ana. Kwetu hata daftari la mistari na kalamu lingetosha kwa kampuni 18. Kuhusu hotuba za ufunguzi sina la kusema zaidi ya kwamba ziwe baada ya chakula.

Mwezi uliopita kamati imeniandikia tena. Safari hii wanataka mabanda 80. Nimewajibu kwamba nitaingia iwapo nitaoneshwa kwanza majina ya wawekezaji waliothibitisha na nakala ya mkataba wa mdhamini wenye tarehe za malipo. Hadi tunakwenda mitamboni sijapata jibu, ila fomu za maombi ya mabanda nimeziona zikigawiwa mjini.