Chanjo ya Matone na Tumbo la Mtoto

Kabla ya reli, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Watu wa kutoka Bagamoyo walipumzika Kwihara, kisha hawa wakashika njia ya Ujiji, wale ya Ziwa Victoria. Maradhi nayo yalisafiri na mizigo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alieleza katika kitabu chake cha 1876 jinsi kipindupindu kilivyofuata njia hizo. Leo kuhara hakungoji msafara. Dumu chafu na mkono usiooshwa vyatosha.

Tangu 2013 watoto wetu hupewa chanjo ya matone dhidi ya virusi vya rota, vinavyoleta kuhara, wiki ya 6 na ya 10. Muuguzi huminya dawa taratibu ndani ya shavu, mtoto hukunja uso, mama hupokea kadi. Lakini chanjo hiyo ni virusi hai vilivyodhoofishwa: sharti vishike utumboni ndipo kinga ijengeke. Katika majaribio ya Ulaya ilizuia kuhara kukali kunakoletwa na rota kwa zaidi ya asilimia 90 mwaka wa kwanza; Malawi, asilimia 49. Utafiti wa Ghana wa 2017 ulikuta watoto waliopata kinga wana bakteria wa tumboni tofauti na wenzao walioikosa, na wanaokaribiana zaidi na wa watoto wa Uholanzi.

Je, tuwanunulie watoto bakteria wa dukani? Huko Vellore, India, walijaribu pamoja na madini ya zinki, faida ikawa ndogo. Wala mtindi wa kibuyu, tunaoupenda sote, si wa mtoto wa wiki sita. Huyo ana maziwa ya mama, yenye sukari asiyoweza kuisaga mwenyewe. Hiyo ni chakula cha bakteria wema. Ukimpa uji mapema, au dawa ya kuua bakteria iliyobaki kwa kaka yake, unawavuruga.

Asidharau mtu hiyo asilimia 49. Kwa kuwa Malawi watoto wengi zaidi waliugua, chanjo iliwaokoa wengi zaidi katika kila mia kuliko Afrika Kusini, ilikofanya kazi vizuri zaidi.

Maji ya Ziwa Victoria yamekwisha kufika Tabora mjini. Enyi wazazi, yachemsheni, naweni kwa sabuni, nyonyesheni miezi sita bila kuchanganya kitu, na wiki ya sita isiwapite mkiwa shambani: mleteni mtoto kliniki.