Mgeni wa Usiku Mmoja

Wananchi wa Kilwa Masoko wamekwisha kuzoea kuyaona magari ya namna ya peke yake yakiingia mjini jua linapokaribia kuzama. Ni magari makubwa yaliyobeba vitanda, jiko na tangi la maji. Kwa hakika ni nyumba zenye magurudumu. Wenyewe huegesha karibu na pwani, hupika chakula walichokinunua Dar es Salaam, hulala humo humo, na asubuhi huvuka kwenda Kisiwani kuyatazama magofu. Alasiri haijafika wamekwisha kushika njia ya Nangurukuru, ama kwa kuelekea Lindi, ama kwa kurudi walikotoka.

Katika mabaraza yetu wageni hawa hawana sifa njema. Husemwa kwamba huja na kila kitu na hawaachi kitu. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata siku ya pili haimalizi. Sisi tunaona kwamba lawama hii imepelekwa pasipo pake.

Zamani mtu wa kwenda Kusini hakuwa na budi kusubiri kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji, na masika yakikolea barabara yenyewe ilifungika. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 adha hiyo iliondoka, wala hakuna mwenye akili timamu anayetamani irudi. Ladha yake tulionjeshwa tena Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga. Lakini njia iliyo nyepesi kuingilia ni nyepesi vile vile kutokea. Mgeni hazuiwi tena na mto wala tope, na kama atakaa siku ya pili itakuwa ni kwa sababu ya jambo alilolikuta kwetu.

Wala ugeni wa muda mfupi si kitu kipya katika pwani hii. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tangier, alipokuwa akishuka kutoka Mogadishu, alilala Mombasa usiku mmoja tu, kisha akasafiri hadi Kilwa. Huku nako hakuhamia. Alikuja na upepo, na upepo ulipogeuka akaondoka. Hata hivyo aliusifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na akasimulia habari za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa lakabu Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Alieleza jinsi fakiri wa Yaman alivyomsimamisha Sultani njiani baada ya sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa mwilini, naye akampa. Maneno hayo machache ya mgeni wa siku chache ndiyo yanayomleta mwenye gari hapa leo, karibu miaka 700 baadaye. Katika dini tuliyofundishwa chuoni, haki ya mgeni ni siku tatu. Hakuna palipoandikwa kwamba afukuzwe kwa kukosa utaratibu.

Na utaratibu ndio jambo lenyewe. Mlango wa bahari baina ya Masoko na Kisiwani ni wa kama kilomita mbili tu, lakini maji hayafuati saa za ofisi. Kila siku yanachelewa kwa kama dakika hamsini. Mgeni akilazimika kungoja ofisi ifunguliwe ndipo apate kibali, kisha atafute chombo na apatane nauli, kisha aulizie kiongozi wa kumtembeza, huenda akafika Kisiwani maji yamekupwa na jua liko utosini. Ataliona Gereza, atauona Msikiti Mkuu wenye makuba, atapiga picha na kurudi. Husuni Kubwa, kasri lenye birika la pembe nane, liko mbali zaidi upande wa mashariki, naye hatalifikia. Mtu aliyekuja maelfu ya kilomita ameondoka bila ya kuliona jengo ambalo hata jirani zake wa Kilwa wangeona fahari kulionyesha.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika wafikirie kutoa kibali tangu jioni, gari linapoingia. Nauli ya mashua na iandikwe ubaoni gatini, na manahodha wapeane zamu. Ada inayotozwa nayo isomwe hadharani katika mkutano wa kijiji: zimeingia kiasi gani, zimebaki Kisiwani kiasi gani. Mwananchi anayeishi kati ya kuta hizo, anayekatazwa (na ni haki akatazwe) kuchukua hata jiwe moja la kujengea, anastahili kujua hesabu hiyo. Magofu haya yaliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatajwa kuwa hatarini, bahari ikila ufuko na kuta zikianguka, na hadi mwaka 2014 ndipo yakaondolewa katika hatari hiyo. Hayalindwi na walinzi peke yao.

Ndugu zetu wa Kisiwani nao wana sehemu yao. Mtoto kumkimbilia mgeni akiomba kalamu ni aibu yetu sisi wazazi. Kijana anayetembeza wageni naye ajifunze habari za dhahabu ya Sofala na sarafu za shaba zilizopigwa hapa, asimjaze mtu hadithi za majini. Na jiko lililo ndani ya gari lisitukatishe tamaa. Mtu aliyekula mchele wake wa mkebe kwa wiki mbili, akisikia harufu ya pweza wa nazi na mkate wa kumimina, atazima jiko lake mwenyewe.

Limebaki jambo lisilopendeza kutajwa gazetini, la choo na maji machafu. Magari haya huyabeba, na mgeni asipoonyeshwa pa kuyamwaga atayamwaga mikokoni, ambako kina mama huokota chaza. Uwanja wa kuegesha, kisima na shimo la taka si kazi ya kungojea wafadhili. Halmashauri inaweza kuvikamilisha kabla ya kipupwe, mvua zinapokwisha na magari yanapoanza kuteremka tena kuja Kusini.