Tuseme «mzigo wa rangi»

Neno «kina cha rangi» linapotosha. Tumelipata kwa kutafsiri kutoka lugha za Ulaya, na kwa kuwa kina ni kitu cha kuheshimiwa, tunadhani kwamba kikizidi, picha lazima iwe bora. Wauzaji wa mashine wanaipenda sana dhana hiyo. Maana yake ni ya kawaida tu: ni idadi ya biti ambazo mashine inatumia kuhifadhi rangi ya kila nukta ya picha. Na kila biti lazima ibebwe.

Tuchukue PSP, konsoli ya mkononi ambayo Sony iliitoa Japani mwaka 2004. Kioo chake kina nukta 480 kwa upana na 272 kwa kimo, jumla 130,560. Programu ya kuonyesha video ikitumia biti 16 kwa kila nukta, inapata rangi 65,536, na picha moja inachukua baiti 261,120. Ikitumia biti 32, rangi zinapita milioni 16, lakini picha ileile inachukua baiti 522,240. Kwa picha 30 kila sekunde, hiyo ni karibu megabaiti 8 za kuandika upande mmoja, na karibu 16 upande wa pili. Tena kazi hiyo inakuja baada ya prosesa kufungua video iliyobanwa, katika mashine ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa na megabaiti 32 tu za kumbukumbu.

Kibaya zaidi, katika biti hizo 32, biti 8 hazibebi rangi yoyote. Kazi yake ni kueleza kama nukta inafunika kilicho nyuma yake au inakionyesha. Mchezo unazihitaji, filamu haina haja nazo.

Mashine ikilemewa, inaruka picha, au video inabaki nyuma ya sauti. Kwetu sisi tunaosomea lugha, hasara hiyo ni kubwa. Mtu anayetazama filamu ili ashike matamshi anafuata midomo. Anayesoma maandishi ya chini anataka yatokee wakati neno linasemwa. Rangi milioni 16 hazimsaidii ikiwa neno limekwisha kusikika na mdomo ndiyo kwanza unafunguka.

Wanaopinga wana hoja. Kwa biti 16, anga la jioni linaweza kuonyesha mistari mahali ambapo rangi ingepaswa kufifia polepole. Lakini mistari hiyo inapunguzwa kwa kuchanganya nukta za rangi zinazokaribiana, na jicho linaridhika. Wengine wanasema: ongeza mwendo wa prosesa kutoka megahezi 222 hadi 333. Sawa, ila betri inaisha mapema, na katika miji yetu umeme haukungoji.

Maoni yangu ni haya: kwenye mashine ndogo, mwendo utangulie, rangi zifuate. Konsoli ya zamani isitupwe kwa sababu tangazo limesifu idadi ya rangi za mashine mpya. Kwanza tuipe video inayolingana na nguvu zake. Na sisi wa kitivo cha lugha tuache kusema «kina». Tukisema «mzigo wa rangi», kila mtu atauliza swali linalofaa: nani ataubeba?