Myahudi, Mchawi na Bepari

Upo ugonjwa katika siasa za mrengo wa kushoto ambao wengi wetu, tuliolelewa kwa lugha ya ujamaa, hatupendi kuutaja: chuki dhidi ya Wayahudi iliyovikwa joho la haki. Hunadi kuupinga ubepari, lakini ukiuliza bepari ni nani, unaonyeshwa mtu kwa dini yake na ukoo wake.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na ayafungue Mabepari wa Venisi. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ile ya Shakespeare, ikachapishwa 1969, hakuandika "mfanyabiashara", wala hakuandika mtu mmoja. Aliandika mabepari, kwa wingi. Mimi niliyejifunza kazi ya tafsiri bila ya mwalimu wa darasani naona kwamba wingi ule ni hoja nzima. Antonio ana merikebu katika bahari za mbali. Wakubwa wa mji wana watumwa waliowanunua, na Shylock ndiye anayewakumbusha jambo hilo mbele ya hakimu. Kesi inapokwisha, Myahudi amelazimishwa kuwa Mkristo na hana tena amri juu ya mali yake. Watumwa wanabaki watumwa, na merikebu zinarudi salama na shehena. Hata hivyo, muulize msomaji wetu bepari wa kitabu kile ni nani. Mara nyingi atakujibu bila ya kusita: yule Myahudi. Mwenye merikebu amesamehewa, mwenye watumwa hakuonekana.

Mfasiri mwenyewe alikwisha kutuonya. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, aliandika katika gazeti la The Nationalist kwamba ujamaa na ubaguzi haviwezi kukaa nyumba moja, na kwamba anayewachukia Wayahudi, au Waasia, au Wazungu, huyo si mjamaa. Na serikali yake hiyo hiyo ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973, usirudishwe hadi 1995. Basi inawezekana kuipinga dola bila ya kuuchukia umma. Kumtetea Mpalestina aliyeporwa ardhi yake ni wajibu. Kumtoza deni hilo Myahudi wa London, au wale Abayudaya wa Mbale ambao Idi Amin aliwapiga marufuku ibada zao, ni dhuluma nyingine.

Nakubali kwamba wapo wanaolitumia shtaka hili kuwaziba midomo wakosoaji wa Israel. Lakini kuwapo kwa fedha ya bandia hakuifanyi fedha ya halali kuwa karatasi tupu.

Sisi wa Ufipa tuna sababu ya kulielewa jambo hili. Mji wetu wa Sumbawanga, kwa maana ya jina lake, humwambia mgeni atupe uchawi wake. Mwaka 1963 na 1964, Uhuru ukiwa bado mchanga, vuguvugu la Kamchape lilipita katika vijiji vya uwanda huu: vijana wenye dawa waliahidi kuisafisha nchi, na wazee wakanyooshewa vidole. Hadi leo, Mfipa akitaja kwao akiwa Dar es Salaam au Tanga, huulizwa kwa kicheko kama amekuja na radi. Mkuki kwa nguruwe! Watu walioonja kuhukumiwa kwa hadithi wangepaswa kuwa wa mwisho kuisimulia hadithi hiyo juu ya wengine.

Mkulima wa hapa ana dhiki ya kweli. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, iliyowekwa katika miaka ya 1970, ilimfaa aliye mbali na soko. Baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, kinga za namna hiyo ziliondolewa, na ruzuku ya mbolea ikafuata. Hizo ni sera. Zina tarehe, zina saini, zaweza kupingwa. Anayesema "ni mkono wa Wayahudi" amemwacha mtunga sera aende zake, akamtafuta mchawi.

Huko ndiko walikofika waliokuwa na ujamaa midomoni. Moscow, Januari 1953, madaktari, wengi wao Wayahudi, walizuliwa njama ya kuwaua viongozi. Poland, 1968, maelfu ya Wayahudi walisukumwa nje ya nchi kwa kisingizio cha kupinga Uzayuni. London, Oktoba 2020, tume ya haki za binadamu ilikuta kwamba Chama cha Labour kilivunja sheria katika kuwatendea wanachama wake Wayahudi. Na Afrika? Septemba 1972 Amin alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya kumsifu Hitler. Mwaka 1975 akawa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tanzania ilikataa kuhudhuria mkutano wake wa Kampala. Wangapi walikwenda na kupiga makofi?

Kwa Myahudi wa mrengo wa kushoto, mtihani ni huu: mlangoni mwa mkutano anaambiwa atupe uchawi kwanza, ndipo aitwe ndugu. Joe Slovo alikuwamo katika mkutano wa ANC wa Morogoro mwaka 1969. Ruth First aliuawa kwa bomu Maputo mwaka 1982. Nani alistahili kuwadai hati ya usafi?

Nanyi wa Unguja na Pemba hamhitaji kufunzwa na mtu wa bara. Januari 1964 tabaka liligeuzwa kabila, na Mmanga mwenye kiduka cha shamba akahesabiwa sawa na mwenye mikarafuu elfu. Husemwa kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Yafaa kwa tenga la samaki. Kwa wanadamu ni fatwa ya kuua. Anayetaka kupambana na unyonyaji na autaje kwa sheria yake, bei yake na mkataba wake, amwache jirani na dini yake.