Kesho ya Kuaminika

Mwanachuo anayekesha usiku wa kuamkia mtihani huitwa mvivu. Aliyemaliza bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, ndani ya wiki mbili huitwa asiyejali maisha. Toleo hili linaingia nyuma ya lawama hizo. Hoja yetu ni kwamba jinsi mwanafunzi anavyoutazama wakati ndivyo anavyojituma masomoni, na mtazamo huo chuo chenyewe huujenga au huubomoa.

Mwaka 1999, wanasaikolojia Philip Zimbardo na John Boyd waliupanga mtazamo wa wakati katika mafungu matano: kuyakumbuka ya nyuma kwa uchungu, kuyakumbuka kwa furaha, kufuata raha za leo, kuamini kwamba yote yamekwisha kuandikwa, na kupanga ya mbele. Tafiti nyingi zimewakuta wenye kupanga ya mbele wakijituma zaidi. Kutokana na hilo, wengi wetu tumekimbilia kuwahubiria vijana wafikirie maisha yao ya baadaye.

Mahubiri hayo hayatoshi, kwani yanachukulia kwamba kijana haioni kesho. John Mbiti, msomi wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao karibu haupo. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, nasi tunasimama na Gyekye. Mzazi anayeuza ng'ombe ili alipe ada ya miaka mitatu anaiona kesho vizuri sana. Mtoto wake anafika chuoni akiwa na imani hiyohiyo.

Anayoyakuta huko ndiyo yanayomvunja moyo: mkopo unachelewa, ratiba inabadilishwa usiku, na zoezi alilolihangaikia linarudishwa baada ya mtihani wa mwisho, maoni ya mhadhiri yakiwa hayana kazi tena. Akiona mara kwa mara kwamba juhudi na matokeo havijuani, ataacha kupanga. Hapo tunamwita mzembe, ilhali amelisoma somo tulilomfundisha.

Kwa hiyo tunawataka wahadhiri warudishe kazi mapema, wakati mwanafunzi bado anaweza kujirekebisha. Wakuu wa vyuo watangaze ratiba na waiheshimu. Bodi za mikopo zilipe siku ziliyoahidi. Nawe mwanafunzi, usiishie kuiwaza shahada ya mwaka wa tatu. Jipangie sura ya kumaliza Ijumaa hii, kisha uimalize. Ahadi ndogo zikitimizwa pande zote, kujituma kutakuwa na sababu.