Nani Aliyemvua Nguo Vanessa Williams?

Mimi si mpenzi wa mashindano ya urembo, na nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania vingine. Nimelelewa chuoni, juzuu mapajani na bakora ya mwalimu i karibu, na jambo la kumsimamisha binti wa watu jukwaani akatiwa alama kama ng'ombe wa maonyesho halijanikalia vizuri hadi leo. Lakini kipo kisa kimoja cha mashindano hayo ambacho kila nikisikiapo kikisimuliwa barazani huwa kimegeuzwa kichwa chini miguu juu. Ati yule binti wa Kimarekani aliyejiaibisha! Nasema hakujiaibisha. Aliaibishwa, na waliomwaibisha twawajua.

Vanessa Williams alizaliwa mwaka 1963 katika jimbo la New York, baba na mama wote walimu wa muziki. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Syracuse, akisomea michezo ya kuigiza yenye nyimbo, alipoingia mashindano ya urembo ya mji huo akashinda. Mwaka 1983 akawa malkia wa jimbo la New York, na tarehe 17 Septemba mwaka huo huo, mjini Atlantic City, akavikwa taji la Marekani nzima. Hakuna mwanamke mweusi aliyelivaa kabla yake. Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1921, na kwa muda kanuni yao ilisema waziwazi kwamba mshindani sharti awe mtu mweupe. Mweusi wa kwanza kufika fainali hizo za taifa, msichana wa jimbo la Iowa, alifika mwaka 1970.

Basi taji lile halikuwa jepesi. Barua za matusi na vitisho vya kuuawa zilimfuata kutoka kwa weupe waliochukia. Na upande wa pili, baadhi ya watu weusi wakasema huyu si mweusi wa kutosha, rangi yake imepauka na macho yake si ya kwetu. Sisi wa pwani, ambao ndugu wa tumbo moja huwa mmoja mweusi tititi na mwenziwe maji ya kunde, twayajua maneno hayo ya kupimana rangi na jinsi yanavyochoma.

Sasa njoo kwenye picha. Mwaka 1982, kabla ya taji lolote, Vanessa alikuwa akifanya kazi kwa mpiga picha mmoja. Alikuwa na umri wa miaka 19. Akashawishiwa apigwe picha za uchi, na yeye mwenyewe amesema aliahidiwa kwamba hatatambulikana. Taji lilipompa jina, picha zikapata bei. Zilipelekwa kwanza kwa Hugh Hefner, mwenye gazeti la Playboy, naye, ambaye chakula chake kilitoka kwenye biashara hiyo hiyo, akakataa kuzichapa. Penthouse wakazichukua. Mwezi Julai 1984 wakuu wa mashindano wakampa binti saa 72 ajiuzulu. Tarehe 23 akasimama mbele ya waandishi wa habari, miaka 21 tu, akaliacha cheo. Wiki saba zilizobaki zilimaliziwa na Suzette Charles wa New Jersey, naye pia mweusi.

Chuoni tulifunzwa neno moja ambalo wengi hulitumia siku hizi kwa nguo tu: sitara. Upepo ukifungua mlango wa jirani naye yumo anaoga, wewe mpita njia hugeuza uso na kuurudisha mlango. Huwaiti watu wa mtaa. Wala huweki kiti pale mlangoni ukawatoza kiingilio! Hilo ndilo lililofanywa na wale waliouza na waliochapa, na mbona sijasikia baraza likiwataja kwa majina?

Na wale wakuu wa mashindano, waliojifanya masikio yao hayajapata kusikia maovu? Hebu tukumbuke kwamba mashindano yalianzishwa na wafanyabiashara wa Atlantic City waliotaka wageni wasiondoke pwani msimu wa joto ukiisha. Bidhaa iliyotiwa dirishani tangu siku ya kwanza ni wasichana katika nguo za kuogelea. Anayeuza nusu ya uchi kwa tikiti ana uso gani wa kumhukumu mtu kwa nusu ya pili?

Nitajibiwa: lakini alikubali kupigwa. Alikubali, ndiyo, na mimi singemtakia binti yangu vile. Lakini ridhaa ya chumbani si ridhaa ya sokoni. Hapa kwetu leo picha hazingoji gazeti. Kijana aliyeachwa na mchumba hubonyeza simu, na kufikia magharibi mji mzima umeona. Kenya ilitunga sheria ya kuliadhibu jambo hilo mwaka 2018, lakini barazani bado huulizwa msichana kwa nini alipiga picha, haulizwi mvulana kwa nini alizitawanya.

Vanessa aliinuka. Alitoa sahani yake ya kwanza ya nyimbo mwaka 1988. Mwaka 1992 wimbo wake wa "Save the Best for Last" ulikaa juu kabisa Marekani kwa wiki tano, na mwaka 1994 akapata nafasi kuu katika mchezo wa Broadway. Kisha filamu, kisha televisheni. Chuo Kikuu cha Syracuse kikamtunuku shahada yake mwaka 2008. Watu hunitajia hayo kana kwamba yamefuta deni. Hayakufuta. Je, angekuwa hana sauti ile? Wangapi walivunjiwa sitara wala hawakuwa na wimbo wa kujirudishia jina?

Mwaka 2015 alirudi Atlantic City kuwa mkuu wa waamuzi. Sam Haskell, aliyeongoza mashindano wakati huo, akamwomba radhi hadharani kwa yaliyotendwa miaka 31 nyuma. (Miaka miwili baadaye Haskell mwenyewe alijiuzulu, barua zake za kuwatukana washindi wa zamani zilipofichuka, na mwaka 2018 gwaride la nguo za kuogelea likafutwa.) Wengine wanaona radhi ile ilikuwa mchezo wa televisheni. Huenda. Lakini kuna jambo moja ndani yake lililonigusa: hakumtaja Vanessa peke yake, alimtaja na mamake, Bi Helen. Lau ningekuwa na amri mwaka 1984, ningewapeleka wakuu wote wale nyumbani kwa mama huyo kwanza, wavue viatu mlangoni, kabla hawajaita mwandishi hata mmoja.